Siku Mkuki Gereji Ilipogonga Muhuri

Sogeeni, enyi wakazi wa Lizaboni na Majengo hapa Songea, nanyi mliofika na mizigo kutoka Madaba, tueni magunia yenu mnisikilize. Maana namsimulia Fulgence Komba, mnoa injini, mngurumishaji wa ekzosi, bwana wa Mkuki Gereji.

Ilimjia barua pepe kutoka Dar es Salaam, kwa watengenezaji wa mchezo wa simu wa mbio za magari. Waliomba ruhusa ya kuiweka nembo ya Mkuki kwenye magari ya mchezo wao. Atie saini karatasi ya ruhusa, aipige picha, airudishe kabla ya saa kumi jioni, la sivyo nafasi itakwenda kwa gereji ya mkoa mwingine. Fulgence, ambaye kwa miaka kumi na tisa ameyapandisha milima magari ya watu na jina lake likabaki mtaani, akaketi juu ya tairi. Machozi yalimlenga, nami simcheki.

Akatia saini. Kisha akafungua kibati cha wino wa muhuri, akakikuta kikavu kabisa.

“Mama Careen,” akamwambia mkewe Adela, mshika daftari za gereji, “wamesema saini inatosha. Lakini tangu lini karatasi isiyo na muhuri ikawa karatasi? Mkuki uingie vitani uchi?”

“Baba Careen,” akajibu Adela, kasimama imara mlangoni, “hii ni saa tisa na nusu. Nimepiga simu maduka matatu ya Majengo, wino hamna. Kama unaona heri kukosa mchezo kuliko kukosa muhuri, sema, niende zangu nikapike.”

Hapo shujaa akainuka, akazama chini ya gari la mteja wake, mwalimu Judica, akaibuka na oili chafu kidoleni. Akaipaka kwenye kibati, akaushusha muhuri kwa mikono miwili, meza ikalia. Mkuki ukatua karatasini mweusi tii. Nayo oili, isiyotambua mipaka, ikatambaa ikafanya doa kama chapati. Adela akaguna. Zikiwa zimebaki dakika nne, picha ikatumwa.

Asubuhi Adela akasoma majibu mbele ya wateja: “Asanteni. Muhuri haukuwa wa lazima. Ila lile doa limetupendeza mno. Tunaomba ruhusa nalo liwe sehemu ya nembo.”

Basi na ikumbukwe vizazi hata vizazi kwamba Songea iliingia mbioni kwa oili ya kidole kimoja. Na ruhusa ya pili nayo iligongwa muhuri. Safari hiyo Adela mwenyewe ndiye aliyeingia chini ya gari.