Mkaguzi wa Asbesto, Chaani

Jumatatu, 8 Septemba
Habari njema! Meneja Gershom anatafuta mfanyakazi mmoja wa kukagua asbesto ya nyumba zetu za kupanga hapa Chaani kila miezi sita. Mapaa, dari, kuta. Kutazama kama zimepasuka na kujaza fomu, basi. Kutazama! Miaka kumi na moja ya kutunza nyumba hizi nimefanya nini kingine? Kuna mafunzo, kisha mtihani Alhamisi. Nimempigia mama mkwe Mariakani, nikamwambia nimeshakuwa mkaguzi. Mke wangu Kafedha ameniuliza tangu lini.

Jumanne, 9
Mwalimu ni Bi Sabah wa Kisauni. Mpole, ila hacheki. Mpinzani wangu ni Luqman, mlinzi wa getini. Amezoea kuandika namba za magari, sasa anaandika kila neno la mwalimu. Maskini! Nilitoka kidogo kutafuta mahamri, nikarudi somo la kwanza limekwisha. Luqman akasema lilikuwa la vumbi. Vumbi nalijua.

Jumatano, 10
Mtihani utafanyika Nyumba Namba Sita. Paa la kibaraza lina kuvu na ufa. Luqman atajisumbua kuuandika huo ufa. Mimi nimeuondoa! Wenzangu waliporudi darasani baada ya mapumziko ya saa nne, nilipanda ngazi na brashi ya chuma, nikasugua paa mpaka likawa jeupe, ufa nikauziba kwa simiti. Kesho naandika "hali nzuri kabisa", na ni kweli. Mpangaji, Mwanatatu, alilalamika kwamba unga unaangukia nguo zake kambani. Nikamwambia ashukuru, anahudumiwa na mkaguzi.

Alhamisi, 11
Balaa! Bi Sabah aliona ule unga akatufukuza sote mbio. Amesema vumbi hilo ndilo linaloingia kifuani na kuua mtu baada ya miaka, na jambo la kwanza alilofundisha ni kwamba asbesto haisuguliwi. Wamekuja watu wenye barakoa, wakalowesha kibaraza, wakatia nguo za Mwanatatu kwenye mifuko. Bi Sabah akauliza nani kafanya haya. Luqman akafungua daftari: ngazi ilitoka stoo saa nne na dakika kumi, mchukuaji Ruwa, yaani mimi. Hata ngazi anaiandika! Mwanatatu kaniapia wallahi nitamlipa kila kanga. Niliona haya sana, mpaka saa ya chai.

Ijumaa, 12
Luqman ndiye mkaguzi. Mimi nirudie mafunzo mwezi ujao, tangu mwanzo. Moyo umeniuma, maana mama mkwe anakuja kesho. Ila nimepewa cheti cha kuhudhuria. Hata mpika chai kapewa, lakini hilo si la kutangaza.

Jumamosi, 13
Mama mkwe amefika na kuku wawili. Amekisoma cheti kwa sauti, Nicanor Ruwa, neno baada ya neno, na machozi yamemlenga. Amesema kitu cha heshima hakikai kabatini, kitundikwe wageni wakione. Kweli kabisa! Shida ni ukuta wetu wa sebuleni, ule ubao mgumu wa asbesto: misumari yote imepinda. Nimeazima drili kwa jirani. Tundu la kwanza limekwenda upande. Natoboa la pili, na Kafedha anafagia unga.