Chupa Ijae Hadi Shingoni

Jumapili, 14 Aprili 2024

Siku kubwa! Nimeuhamisha mvinyo wangu wa maua ya choya kutoka kwenye machicha, kwa mpira, kwa mikono yangu mwenyewe, hadi kwenye chupa mpya ya kioo ya lita ishirini. Mwekundu! Unang'aa! Mke wangu, Mama Bertha, kapita, kasema sebule inanuka soksi. Wivu tu.

Tatizo moja. Machicha yamebaki chini, nami nilionja kidogo njiani (vikombe vinne, kwa usalama). Sasa kuna pengo la lita nzima. Sista wa Tosamaganga aliyenifundisha alionya: chupa ijae hadi shingoni, tena kwa mvinyo wa aina ileile, la sivyo hewa itaugeuza siki. Mama Bertha kashauri niugawe kwenye chupa ndogondogo, zijae, basi. Chupa ndogo! Jumamosi ni sendofu, tunamuaga binti yetu Bertha kabla ya harusi! Wakwe wanatoka Mbalizi, kule Mbeya! Ijumaa kamati itaonja mvinyo wangu na wa jirani yangu, Mwalimu Crispin, na mmoja tu ndio utakaa meza kuu. Nikae kwenye sherehe ya mwanangu nikinywa wa Crispin? Bora nife na kiu.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimepata akili! Crispin naye ametumia choya, ya soko lilelile. Kumwomba siwezi, atanitangaza mpaka Ipogolo. Lakini mgeni haachwi mkavu. Nikavaa koti kubwa, ndani yake chupa ya chai, nikaenda kumpa pole ya mafua. Akanimiminia glasi. Nikaomba karanga. Alipoingia jikoni, glasi yote ikaingia kwenye chupa ya chai. Aliporudi akashangaa nimemaliza, akaongeza. Nikaomba chumvi ya karanga. Glasi mbili! Mimi ni hatari.

Jumanne, 16 Aprili

Crispin kaja kurudisha salamu. Kavaa koti zito, eti kibaridi. Ningemnyimaje? Nikamchotea kwenye chupa kubwa. Akaomba kuona picha za Bertha akiwa mdogo. Narudi na albamu, glasi tupu! Nikaongeza. Akaulizia za ubatizo. Tupu tena! Glasi nne kwa mkao mmoja. Mzee wa watu kaingia kwenye ulevi, nimemsikitikia kweli.

Alipoondoka nikapima pengo. Limezidi la Jumapili! Hii sasa ni vita.

Jumatano, 17 Aprili

Crispin hapati tena choya yangu! Nimenunua ulanzi, pombe ya mianzi, wa asubuhi, bado mtamu, nikautia rangi kwa choya ya kuchemsha. Huwezi kutofautisha. Kaja saa kumi jioni, kaniagiza albamu tatu na cheti cha kipaimara. Kila nikirudi, glasi tupu. Akasifu: mvinyo wangu umekomaa kuliko jana. Mhehe mzima, kazaliwa kwenye mianzi, hajui ulanzi! Nilicheka stoo peke yangu mpaka Mama Bertha akaja kuuliza kama naumwa.

Alhamisi, 18 Aprili

Kwa Crispin mara tatu: kusalimia, kuaga, na kufuata kofia niliyoisahau kwa makusudi. Pengo limekwisha. Hadi shingoni! Na vipovu vinapanda, dalili ya uhai. Nimekipigilia kizibo kwa nyundo.

Bertha kanikuta nimeikumbatia chupa. Kasema hata wageni wakinywa maji ni sawa, yeye anachotaka ni mimi kumshika mkono wakati wa kuingia ukumbini. Nimemwambia asiogope, ushindi ni wetu.

Ijumaa, 19 Aprili

Siwezi kuandika vizuri, mkono unanata.

Ukumbini, Mama Faustina, mwenyekiti wa kamati, kaanza na chupa ya Crispin. Kagusa tu kizibo, paa! Kikaenda darini. Povu jekundu likamvaa kilemba na yote. Nilipiga makofi, nakiri. Nikasogeza yangu kwa maringo, nikitangaza kwamba sasa wataona kazi ya mtu makini. Ikalipuka kabla sijamaliza sentensi.

Katika kukimbia, Crispin akateleza, na chini ya koti lake ikadondoka chupa ya chai. Nikainama kumwinua, na yangu ikadondoka. Mama Faustina akanusa moja, akanusa ya pili, akauliza nani ametia ulanzi. Nikamwonyesha Crispin kwa kidole. Crispin akaapa kwamba chote alichojazia kimetoka kwangu. Nami nikaapa kwamba changu kimetoka kwake. Hapo ukumbi mzima ukaelewa, isipokuwa mimi. Ikabidi Mama Bertha anieleze, mara mbili: ulanzi wangu ulikwenda kwa Crispin, ukarudi kwangu, ukachachia ndani ya chupa zote mbili.

Bertha alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaamua: mabaki ya chupa zote mbili yachanganywe, yakae meza kuu, maana ni mvinyo mmoja. Wazee wake wawili, mvinyo mmoja. Machozi yalinitoka. Baadhi yalikuwa mvinyo uliokuwa ukidondoka kutoka darini.

Jumamosi, 20 Aprili

Ushindi! Nimemwingiza mwanangu ukumbini, mkono wake ndani ya mkono wangu, au wangu ndani ya wake. Mzee Asukile, baba mkwe wake, kanywa, mvinyo ukamchezea ulimini, akaomba tena. Akauliza fundi ni nani. Tukasimama wawili, mimi na Crispin, kwa pamoja. Aibu yake.

Baadaye Mzee Asukile akanivuta pembeni. Niende Mbalizi keshokutwa, nikawatengenezee mvinyo wa harusi yenyewe. Mimi! Nilimwona pia akimnong'oneza Crispin, bila shaka alikuwa anampa pole.

Jumapili, 21 Aprili

Tiketi ninayo. Basi la kesho alfajiri. Mama Bertha kauliza mbona simchukui Crispin, si tulipatana mbele ya mtoto? Wanawake! Crispin nimemwambia naenda Mbeya kupima macho. Ajabu, naye kesho anaenda Mbeya, kung'oa jino. Basi hilohilo. Siti ya pembeni yangu.

Maskini, na hana hata wa kumsindikiza hospitali. Nimemwahidi nitamshikia begi.