Jiwe Langu la Sponji

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya arobaini na moja bila mke. Bado yuko kwa mama yake. Chanzo ni kochi la sebuleni. Mimi ni fundi makochi, mtaa mzima unakalia kazi ya mikono yangu, lakini kochi langu mwenyewe lina springi iliyotoboa kitambaa na kuchungulia nje. Miaka miwili mke wangu ananiambia nilitengeneze. Miaka miwili nasema kesho. Mama mkwe alipokuja kututembelea, niliapa mbele yao wote wawili kwamba nimeshalitengeneza. Wapi! Nilikuwa nimetandika kitambaa kipya tu. Mama mkwe akaketi. Akainuka haraka kuliko alivyoketi.  Mke wangu alifunga begi, akamshika mama yake mkono, wakaenda zao.

Leo nesi mstaafu kaleta kiti chake kibadilishwe kitambaa. Ana kikundi cha watu waliopatwa na misukosuko: waliofiwa, walioachishwa kazi, walioachwa. Anawapandisha mlimani. Anasema mtu akiupanda mlima na shida yake mgongoni, hushuka mwepesi. Nikaguna kwa adabu. Kisha akaniambia mke wangu kajiunga tangu mwezi uliopita. Nikamwambia papo hapo kwamba hata mimi nina misukosuko, tena tele.

Jumatano, 5 Juni

Kikao cha kikundi, ukumbi wa zahanati. Utaratibu wao ni huu: kila mtu huchukua jiwe kutoka kwake, uzito ulingane na shida yake. Analibeba mwenyewe mpaka kileleni. Akifika anasema ni shida gani, analitua, anashuka mikono mitupu. Hakuna kubebeana mpaka mwenyewe aombe.

Mke wangu alikuwepo. Kapendeza, na iliniuma. Alinisalimia kama mtu anayenijua kwa sura tu. Jiwe lake dogo, kama kitunguu. Nikafurahi: kumbe shida yenyewe ndogo! Lakini kulikuwa na daktari mmoja wa mifugo! Mgane, mrefu, viatu vya mlimani vya kweli, jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi. Mke wangu akalipima uzito kwa mikono yake, akamtazama kwa huruma. Nimeishi naye miaka kumi na moja, sijawahi kutazamwa hivyo. Nesi akaniuliza langu liko wapi. Nikasema ni kubwa mno kuletwa kikaoni.

Alhamisi, 6 Juni

Nimejipalia makaa. Sasa lazima liwe kubwa kweli, na mgongo wangu ni wa kuinamia cherehani, si wa kubebea mawe. Nikazungusha macho karakanani. Sponji!

Nimefunga karakana kutwa. Nimechonga bonge la sponji, ukubwa wa mtungi. Nikalivika kitambaa, nikapaka gundi, nikanyunyiza mchanga, juu yake rangi ya kijivu. Hata kuvu la kijani nimelichora ubavuni. Kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka huu, na hakuna mteja wa kumwonyesha. Nimelishonea mikanda ya kubebea. Mshono wa upande unaogusa mgongo nimeuacha wazi, gundi ilikwisha. Nani ataangalia huko?

Jioni nimefanya mazoezi ya kuguna mbele ya kioo. Jirani akagonga ukuta kuuliza kama nimekula kitu kibaya.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika katika kibanda cha wapandaji, nusu ya mlima. Nje bado kuna mwanga. Mimi sina hali.

Asubuhi ilikuwa ushindi mtupu. Walipoliona jiwe langu walisogea kunipisha. Nesi alishika kifua. Mke wangu akalitazama, kisha akanitazama mimi, akasema hakujua kama nimeumia kiasi hicho. Nikaguna. Guno zuri, la kutoka tumboni. Kilomita tatu za kwanza nilikuwa shujaa.

Kosa moja tu. Kwenye kijito nilijisahau, nikaruka na jiwe langu kama swala. Kutua ng'ambo, daktari wa mifugo huyu hapa, kanitolea macho. Nikaanza kuchechemea haraka. Akaniuliza kama ninahitaji msaada. Nikamjibu kwamba maumivu yangu nitayabeba mwenyewe. Mke wangu alikuwa mbali kidogo, kwa hiyo nikalirudia jibu kwa sauti.

Saa nane mvua. Siyo manyunyu, mvua! Mwanzoni nilidhani nimechoka tu. Kisha mikanda ikaanza kunikata mabega. Kumbe ule mshono! Kila tone lililonitiririka shingoni liliingia humo na kufanya makazi. Kulikamua siwezi, watu wako nyuma yangu. Kulitupa siwezi, ndiyo shida yangu hiyo. Kuomba msaada ndiyo kabisa, nimeshatoa jibu mara mbili. Nimefika kibandani nusura nitambae, na maguno yote ya mchana yalikuwa ya kweli. Chumba ni kimoja kwa wote. Hakuna hata kona ya kulikamulia.

Jumapili, 9 Juni

Tumeshuka. Haya lazima niyaandike.

Asubuhi nilipanda hatua tatu, nikapumzika, hatua mbili, nikapumzika. Rangi ilichuruzika, shingo yangu ikawa ya kijivu. Mke wangu akarudi nyuma kutembea nami.  Nilitaka kumwambia kwamba nyumba imekuwa kimya. Kwamba kila asubuhi napika chai ya watu wawili, halafu namwaga kikombe kimoja. Nikafungua mdomo, nikamwambia mawe ya aina hii ni adimu sana.

Kileleni tukakaa duara. Daktari wa mifugo akatua jiwe lake. Akasema mkewe amefariki miaka miwili sasa, na bado akiendesha gari huwa anamsimulia habari za siku. Basi. Nilijaribu kuendelea kumchukia, nikashindwa. Kisha mke wangu. Akasema jiwe lake ni mume wake. Si zito, ila lina ncha. Kila ukilishika linakuchoma, na ukilalamika linakuapia kwamba halina ncha. Wote wakanigeukia.

Zamu yangu. Nilikuwa na hotuba tayari, na utoto mgumu ndani yake, ingawa nililelewa vizuri tu. Kabla sijaanza, nesi, miguu imemwisha, akajiketia juu ya jiwe langu. Akazama! Maji yakaruka pande zote, viatu vya daktari vikalowa, nesi amekaa katikati kama kuku anayeatamia.

 Halafu nikasikia sauti ambayo sijaisikia siku arobaini na saba. Mke wangu anacheka! Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka machozi. Hapo nikasema yote: springi, kitambaa, sponji, hata kioo. Akajifuta macho. Akasema kutengeneza kochi ni kazi ya nusu siku, na mimi nimeona afadhali nipandishe ndoo nzima ya maji mlimani. Kisha, taratibu, akasema Jumapili ijayo atakuja kuketi kwenye kochi lile. Lisipochoma, atabaki. Likichoma, nisimfuate tena, si mlimani wala kwa mama yake.

Nililia mbele za watu. Sikufanyia mazoezi.

Jumatano, 12 Juni

Mgongo haunyooki. Lakini mimi ni mtu mpya! Ujanjaujanja basi. Mke wangu akirudi sitamdanganya hata akiniuliza ni saa ngapi. Kesho naanza zile springi.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeligeuza kochi. Lo! Springi zilizolegea ni nne, si moja. Inabidi kung'oa kitambaa chote, kufunga kamba upya, kupiga misumari upya. Nusu siku kamili, kama alivyosema. Nikaketi chini nipange kazi vizuri. Jiwe liko pale konani. Ilibidi nirudi nalo, nesi alikataa liachwe kileleni, akasema mlima si jalala. Ni sponji nzuri sana ile, nene, ya daraja la kwanza.

Jumapili, 16 Juni

Saa nne asubuhi. Kochi tayari! Nimelikata jiwe katikati, nusu moja nimeishindilia juu ya zile springi, juu yake kitambaa kipya cha maua. Nimeketi mara kumi. Halichomi kabisa, mradi uketi taratibu. Sponji ina unyevunyevu bado, lakini kitambaa ni kizito, hautaonekana. Na huu si udanganyifu, ni matengenezo ya muda. Ya kudumu nitafanya kesho. Chai ya watu wawili iko mezani.

Hodi! Nachungulia dirishani. Ni yeye, na begi lilelile aliloondoka nalo!  Nyuma yake yuko mama yake. Namsikia mama mkwe akilalamika kwamba wametembea mno, magoti hayana nguvu tena, akiingia tu anakwenda kujitupa kwenye kochi.