Mnada wa Jina la Vikapu

Jumatatu, 5 Novemba 2012

Ejok, yaani salama! Nimeamka mzima. Mwalimu wa ngumbaru alisema tuandike kila siku ili mkono usisahau. Mkono wangu hausahau kitu. Umekamata mikia ya mbuzi maelfu soko la Lodwar, na hakuna dalali wa rika langu anayeniweza. Wa rika dogo pia.

Leo nyumbani kuna msiba bila maiti. Nawoi, mke wangu, amerudi kutoka kikundi chao cha vikapu akilia. Nikauliza nani amekufa. Akasema ni jina. Nikauliza jina la nani. Akasema jina la kikundi, lile la intaneti, vikapuvyalodwar.com, ambalo wateja wa ng'ambo hufungua wakaona vikapu na kuagiza. Dada Klara aliyewafungulia alirudi kwao Uholanzi, akasahau kulipia mwaka. Muda umekwisha. Sasa kampuni ya majina inalipiga mnada, Alhamisi. Likichukuliwa na mtu mwingine, mteja akifungua atakuta duka la mtu mwingine. Oda ya Krismasi, vikapu mia mbili, kwisha. Wanawake kumi na tisa wamesuka majani ya mkoma tangu Julai. Vidole vya Nawoi vimepasuka kama ardhi ya Lopur.

Kumbe ni mnada! Nikacheka. Nikamwambia apanguse macho, mnada na mimi tumenyonya titi moja.

Akasema nisijisumbue, Anyieth analishughulikia. Huyu Anyieth ni binti wa Sudan Kusini mwenye saiba, duka la intaneti, kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Ndiye huwaandikia wateja barua. Nikauliza Anyieth ameuza mbuzi wangapi tangu azaliwe. Nawoi akachukua mtungi akaenda kuteka maji.

Jumanne, 6 Novemba

Nimekwenda kwa Gitau. Ana saiba hapa Lodwar karibu na stendi. Alikuja kutoka Nyahururu na begi moja, leo ana kompyuta sita na feni mbili. Kichwa chake hakilali. Namheshimu.

Akanifungulia mnada. Haya maajabu! Hakuna vumbi, hakuna kelele, muuzaji haonekani. Jina limekaa peke yake kwenye kioo, dola kumi na mbili, halijatajiwa bei na mtu. Nikamwambia Gitau anionyeshe meno. Akauliza meno gani. Nikasema ya jina, nitajuaje umri? Akasema, "Mzee wangu, jina halina meno, lakini hapa wameandika miaka mitatu." Miaka mitatu! Huo ndio umri wa beberu mtamu.

Wanaotaja bei hawaonyeshi sura. Wanaitwa namba tu. Hiyo sikupenda. Mtu akinunua kwa aibu ana kitu anaficha.

Gitau akanishauri niandike mara moja bei yangu ya mwisho kabisa, niende zangu, kompyuta itanipigania yenyewe hatua kwa hatua. Nilimhurumia. Hivyo ndivyo watu wa mashamba wanavyonunua ng'ombe mgonjwa. Nani anafika sokoni na kumwambia muuzaji mwisho wa mfuko wake?

Lakini kadi ya benki anayo yeye, mimi sina. Amekubali kulipa kwa kadi yake, nami nimpe mbuzi wa thamani hiyo. Akataka maneno hayo mbele ya shahidi. Mtu makini! Ningekuwa yeye ningetaka mashahidi wawili.

Jumatano, 7 Novemba

Nimempigia Kuol. Kuol ni Mdinka, anauza nyama Kakuma, tumefanya udalali pamoja miaka kumi. Hakuna mwanaume mtiifu kama yeye. Ukimwambia simama hapa, ukirudi kesho utamkuta hapo.

Kazi yetu sokoni inajulikana. Kuol anatangulia, anamtajia mwenye mbuzi bei ya matusi. Moyo wa mwenye mbuzi unaanguka. Mimi nafika kama mgeni, naongeza kidogo, na yule mtu anashukuru mpaka anataka kunikumbatia. Wageni wengine wakijaribu kuingia, Kuol anaendelea kutaja bei, anawafukuza kwa kelele, wala haachi mpaka aone nimeshika sikio la kushoto. Hapo ananyamaza, mimi nachukua mnyama.

Nikamwambia kesho ni hivyo hivyo, ila kwa kompyuta. Yeye atakaa kwenye saiba ya Wasomali kule Kakuma, mimi kwa Gitau Lodwar. Kadi anayo ya dada yake Akuch aliye Australia, ile anayonunulia viatu. Akauliza, "Ndugu, ishara ni ile ya kawaida?" Nikasema ni ile ya kawaida. Akasema kalas, yaani imekwisha, ameelewa. Tumeelewana kwa dakika mbili! Vijana wangefanya mkutano.

Mchana Nawoi akasema Anyieth amepiga simu. Ametuma salamu kwa kila mtu, na ombi moja tu: mtu yeyote asitaje bei. Yeyote. Nawoi akanitazama sana aliposema yeyote. Nikamwahidi kwamba mimi sitagusa kompyuta. Kweli sitagusa. Atakayegusa ni Gitau.

Alhamisi, 8 Novemba

SIKU KUBWA! Andika, mkono, andika.

Mnada ulikuwa wa kufungwa saa tano asubuhi. Saa nne nilikuwa nimekaa kwa Gitau, kofia yangu yenye unyoya kichwani, fimbo magotini. Saa nne na nusu mtu akataja dola kumi na mbili. Nikajua huyo ni Kuol, kwa wakati kama jua. Nikamwambia Gitau aweke kumi na saba. Akaweka. Nikashika sikio la kushoto.

Kabla sijaliachia, ishirini na mbili!

Nikashika tena, vizuri, kwa vidole viwili. Tukaweka ishirini na saba. Ikaja thelathini na mbili. Basi nikajua Kuol ameshanyamaza na ameingia mgeni. Nikampigia simu. Mtandao wa simu hakuna, Kakuma yote kimya. Nikavuta sikio kwa nguvu zote kwa sababu sikutaka lawama. Gitau akauliza kama kupe ameingia. Nikamwambia afanye kazi yake, na mimi nafanya yangu.

Mgeni yule! Lazima niseme ukweli, sijawahi kukutana na mwanaume kama yeye. Nikiweka tano, anaweka tano. Hapumui. Hajifanyi anaenda chooni. Tukafika mia, nikafikiri atakohoa. Hakukohoa. Na kila mtu akitaja bei dakika za mwisho, kompyuta inaongeza dakika tano. Mnada usiozamiwa na jua! Saa sita bado tupo. Watu waliokuja kupiga picha za pasipoti wakasahau picha, wakasimama nyuma yangu. Mmoja akasema huyo namba mbili ni Mwarabu wa mafuta. Mimi nikasema hapana, huyu ni mtu wa mifugo, nasikia Texas wako. Ana moyo wa mtu aliyewahi kulala na ng'ombe porini wakati wa uvamizi. Nikatamani anywe chai kwangu.

Gitau akanong'ona, "Mzee, hapa umefika mbuzi wa tisa." Nikamwambia wa kumi anakuja. Akafuta jasho. Akanong'ona tena kwamba jina lenyewe lilikuwa dola kumi na mbili. Nikamuuliza kama mwanaume anaacha mieleka kwa sababu uwanja ni mdogo.

Mgeni akaweka mia nne na mbili. Mimi mia nne na saba. Nikashika masikio yote mawili.

Kimya. Dakika tano. Kimya.

NIMESHINDA! Watu wakapiga makofi. Gitau akakaa chini. Mimi nikasimama, nikavua kofia, nikaisalimia kompyuta kwa heshima ya yule aliyeshindwa. Kushindwa na mimi si aibu.

Ijumaa, 9 Novemba

Nimepeleka mbuzi kumi na wawili kwa Gitau. Aliwapapasa mbavu mmoja mmoja. Anajifunza!

Nawoi alisimama mlangoni akaangalia zizi. Akauliza kama nilitaja bei. Nikasema Gitau alitaja. Nikamwambia jina ni lake sasa, alichukue, ni zawadi. Hakucheza wala hakuimba. Akasema watano kati ya wale mbuzi walikuwa wake, aliwanunua kwa vikapu, na yule mweupe alimlea kwa mkono mama yake alipokufa. Kisha akaketi akaendelea kusuka. Afadhali angepiga kelele. Kelele naijua. Alisuka tu, na kikapu kilitoka sawa kabisa, hata mstari haukupinda. Mwanamke huyu ana mikono!

Mtandao wa simu umerudi. Kuol amepiga simu kwa sauti ya kilio. Malesh, yaani samahani, ndugu, malesh, tumeshindwa. Akasema alipambana na mtu mmoja katili, akasukumana naye mpaka mia nne na mbili, kadi ya Akuch ikakataa. Nikamwambia asilie, huyo mtu alinikuta na mimi, na nikamwangusha! Kuol akapiga kelele za furaha. Tukamsifu yule mgeni muda mrefu, kila mmoja kwa upande wake. Kuol akasema hajawahi kuona mtu asiyechoka vile. Nikasema hata mimi. Tumekubaliana alikuwa simba.

Jumamosi, 10 Novemba

Nimekwenda Kakuma mwenyewe kumwambia Anyieth apumzike, wakubwa wamemaliza.

Saiba yake ni mabati na feni moja. Nilikaa kwenye benchi nikamwangalia. Mkongo anaingia, anamjibu Kikongo chake. Msomali anaingia, anamjibu. Mama wa Kidinka analia kwa sababu ya barua, anamsomea polepole, anamshika bega. Hakuna aliyeondoka bila kutulia. Sikuingilia kwa nusu saa nzima, na mimi si mtu wa kutoingilia.

Nikampa habari ya ushindi. Hakushangaa. Akanivutia kiti. "Baba, Kuol aliacha wapi?" Nikasema mia nne na mbili. Akafungua kioo, akaniwekea kidole: mia nne na mbili. Akateremka na kidole mpaka chini, kumi na mbili, kumi na saba, ishirini na mbili. Akasema, "Huyu ni wewe. Huyu ni Kuol. Sasa baba, yule simba nionyeshe."

Nilimtafuta simba. Nilitafuta sana. Nikamwambia labda amejificha.

Hapo alicheka mpaka akashika meza, nami sikukasirika, kicheko chake hakina sumu. Alipomaliza akasema Kuol asilaumiwe, alikuwa anasubiri kuona sikio, na kutoka Kakuma hadi Lodwar sikio halionekani. Hilo ni kweli. Hata Kuol mwenyewe macho yake hayafiki huko.

Kisha akanieleza. Mnada wa jina lililokwisha muda si mwisho. Mwenye jina ana siku zake za kulipa, hata baada ya nyundo kugonga, na akilipa jina linarudi kwake na mnunuzi anarudishiwa pesa. Kwa hiyo yeye hakwenda mnadani, na ndiyo maana alikataza mtu kutaja bei: ni kazi bure. Alikuwa anamtafuta Klara. Siku sita! Aliandika barua pepe ya kwanza, ikarudi. Ya pili, kimya. Akakumbuka Klara alipenda kuimba, akaandikia kwaya za kanisa za mji wao, moja baada ya nyingine, kwa Kiingereza cha adabu. Kwaya ya saba ikajibu: Klara yuko hapa, anaimba sauti ya kwanza. Leo asubuhi Klara ametuma paswadi, na machozi ndani ya barua. Pesa ya kulipia ilitoka kwenye sanduku la kikundi, dola tisini na faini yake.

Akaniuliza kama nataka kuona. Akabonyeza mara moja. Kidole kimoja! Mnada ukafutwa, jina likarudi kwa wanawake, vikapu vikatokea kwenye kioo, na katikati kikapu cha Nawoi chenye mistari ya kahawia. Nilikijua mara moja.

Nimeona madalali wengi maishani. Sijaona anayechukua mbuzi sokoni huku wanaume wawili wanapiga kelele, bila kutaja bei hata moja. Nilivua kofia. Nilimwambia angezaliwa Mturkana mwanaume angekuwa mimi. Akasema asante, baba, chai imepoa.

Jumatano, 14 Novemba

Pesa ya Gitau imerudi kwenye kadi. Amerudisha mbuzi kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alichinjiwa wageni wa kanisa Jumapili; Gitau akasema atalipa, na amelipa saa hiyo hiyo. Mweupe amerudi. Oda imethibitishwa, vikapu mia mbili vinaondoka Ijumaa. Wanawake wameimba uani kwangu mchana kutwa, na wimbo ulimtaja Anyieth mara nyingi. Mimi nilitajwa mara moja, wakacheka, kwa furaha nadhani.

Nawoi ananijibu tena. Alinipa maziwa. Akasema sasa nimejifunza. Nikasema nimejifunza sana.

Na kweli nimekaa, nimefikiri, nimeliona kosa. Anyieth ni hodari kuliko wote, lakini kosa hakuliona. Tulikuwa wawili tu! Watu wawili hawawezi kuvunja moyo wa mnada mkubwa wa dunia nzima. Gitau amenionyesha jina lingine lililokwisha muda, la wauza samaki wa Ferguson's Gulf kule ziwani, mnada wake unafungwa kesho saa nne. Dola kumi na mbili. Miaka minne! Nimempigia Kuol, amekubali kabla sijamaliza. Nimempigia na Santino wa Lopur, kichwa kigumu kama changu, haachi kitu akianza. Kesho tutakuwa watatu.

Nawoi ameniuliza natafutia nini kamba ya kufungia mbuzi. Nimemwambia ni ya kuanikia nguo.