Kikao Baada ya Pilau

Jumanne ile gazeti lilifika kijiweni likiwa kwapani mwa mzee Ndalahwa, na kabla mzee hajakaa alikuwa ameshaanza kugomba.

"Tumekwisha! Kesho wanajadili kanuni ya dagaa, hapa hapa Mwanza, na sisi tumekaa tunapuliza kahawa kama watu waliotoka kuzika."

Kijiwe chenyewe kiko Kirumba, hatua chache kutoka mwaloni wanakoshushia samaki, mbele ya jiko la Tereza muuza kahawa. Tereza wanamwita Spika, maana hasemi sana, na akisema watu hunyamaza. Ndalahwa ni karani mstaafu wa mahakama. Jina lake la kijiweni ni Hansadi, kama kumbukumbu za Bunge, kwa kuwa ulichosema mwaka juzi anakukumbusha pamoja na shati ulilovaa. Mhoja, dereva wa lori wa Usagara, ni Tani Kumi, na ukimwona hutauliza kwa nini. Revocatus, fundi simu anayeshuka kila siku kutoka Kiseke, anapiga pasi hata soksi. Huyo ni Itifaki. Na wa mwisho kwenye benchi alikuwa Okech, mkaushaji na muuzaji wa dagaa, mtu wa Rorya mwenye mashemeji ng'ambo ya mpaka. Kwa hao mashemeji akaitwa Balozi.

"Shikamoo, mzee," alisema Okech. "Dagaa wamefanya kosa gani tena?"

"Marahaba. Sikiliza mwenyewe." Hansadi akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kuhukumu: "'Kwa mujibu wa rasimu itakayojadiliwa na wataalamu wa nchi wanachama wa Jumuiya, dagaa waliokaushwa juu ya mchanga hawataruhusiwa kuvuka mpaka.'"

Okech akashusha kikombe. Nyuma yao, pale ufukweni, dagaa wake walikuwa wametandazwa juani tangu alfajiri, na hawakutandazwa juu ya zulia. Vichanja vya kuanikia alikuwa navyo viwili tu, na kimoja mbuzi walikuwa wamekigeuza kitanda.

"Nani kaandika hiyo rasimu?" akauliza.

"Jirani."

"Jirani yupi?"

"Simtaji. Usije ukanyimwa chakula ukweni."

Tani Kumi akacheka mpaka benchi likalia. "Balozi, mashemeji wamekuuza! Lakini kweli, hivi wao ni wangapi huko kwenye Jumuiya? Sisi si ndio wakubwa? Ziwa kwetu limejaa, ardhi kwetu imejaa, mimi mwenyewe nimejaa. Tupige kula tuwashinde."

Ulimi wa Mhoja huteleza kwenye r na l, lakini safari hii Itifaki hakumwacha apite.

"Kura au kula?"

"Vyote. Si ndivyo wajumbe wetu wanavyofanya?"

"Wanafanya hicho cha pili tu," alisema Hansadi. "Jamani, ukubwa hausaidii. Nimekaa mahakamani miaka thelathini na moja. Mwenye kesi kubwa hashindi, anashinda aliyezoeana na jalada. Jirani yule nimemfuatilia magazetini. Kila kikao analeta mtu yule yule. Uenyekiti haugombanii, anawaachia mnaopenda king'ora. Yeye anaomba ukatibu. Mkitafuta wa kuandaa rasimu, kanyoosha mkono. Mkitafuta pa kukutania, kaleta ukumbi na chai. Baada ya miaka kumi mnagundua mnasali kanisani kwake."

"Na sisi?"

"Sisi tunapokezana safari, kila mtu apate kupanda ndege. Huyu kaenda Januari, yule Juni. Anayefika anaanza kuuliza choo kiko wapi, mpaka akijue, kikao kimekwisha."

"Acha fiksi, mzee," alisema Itifaki, akijifuta vumbi lisilokuwepo. "Tuna hadhi yetu. Tunaheshimika."

"Tunaheshimika sana. Hata mgeni wa harusi anaheshimika, lakini haulizwi bibi harusi aolewe na nani."

Hapo maneno yakawa mengi kuliko masikio. Tani Kumi akataka Jumuiya ivunjwe. Itifaki akataka iandikiwe barua. Okech hakusikia vizuri, alikuwa anapiga hesabu ya mbao, misumari na nyavu. Mke wake Winnie alikuwa anasubiri mzigo wa wiki ile uende mpakani ili binti yao arudi chuoni. Ndipo Tereza, akiwa anapuliza mkaa, akasema bila kugeuka:

"Hilo gazeti linasema nani anaruhusiwa kuingia?"

Hansadi akarudi kwenye gazeti, akasogeza kidole mpaka chini. "'Wadau wa dagaa wanakaribishwa kwenye ukumbi wa hoteli.'"

Wote wakamgeukia Okech.

"Mimi? Hotelini? Na hii harufu?"

"Harufu ndiyo kitambulisho," alisema Tani Kumi. "Wengine watakuja na vyeti, wewe njoo na ushahidi."

Itifaki alitaka kwanza wajadili vigezo vya mjumbe, kisha akakumbushwa kwamba yeye dagaa anawajua kwenye sahani tu. Akanywea. Okech alikubali, lakini si kwa ushujaa. Alikubali kwa sababu aliogopa kumweleza Winnie kwamba kikao kilifanyika umbali wa kutembea kwa miguu na yeye hakwenda.

Alhamisi mchana walikuwa wameshajipanga kwenye benchi wanamsubiri. Okech akaja taratibu, uso wa mtu aliyeshinda kesi na kupoteza koti.

"Semaa!" Tani Kumi akampisha nafasi. "Tumeshinda?"

"Nianze mwanzo au mwisho?"

"Anza na chakula."

"Pilau. Na nyama. Na tikitimaji."

"Mayu wane!" Tani Kumi akafumba macho kwa heshima. "Endelea."

Okech akaeleza. Asubuhi ukumbi ulijaa, bendera zimepangwa, na kiongozi wa ujumbe wetu ndiye aliyefungua. Alihutubia dakika arobaini na tano juu ya undugu wa wanaziwa, akasema samaki hana pasipoti, watu wakapiga makofi wakasimama.

"Samaki hana pasipoti," Itifaki akarudia. "Hiyo nimeipenda."

"Na mimi niliipenda. Nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Ila hakuisema kanuni hata mara moja. Baada ya hapo, pilau. Baada ya pilau, akaangalia saa, akawahi ndege. Msafara wake ukamsindikiza. Nageuka, upande wetu naona viti na chupa za maji."

"Jirani je?"

"Jirani alikuwa na mama mmoja tu. Anaitwa Faith Agutu. Mfupi, kiatu cha chini, mkoba mmoja. Asubuhi nzima hakusema kitu. Lakini mhudumu anapita, anamuuliza mtoto amepona? Mkalimani anapita, anampa dawa ya koo. Nikajiambia, huyu ndiye adui."

"Ndiye!" alisema Hansadi. "Hao ndio hatari. Wanaojua mtoto wa mhudumu."

Wakati wa kutoka, Okech alimwona yule mama anaelekea kwenye chumba kidogo cha nyuma, na watu sita wanamfuata. Mlangoni palibandikwa karatasi: Kamati ya Uandishi. Yeye alikuwa ameshashika njia ya kwenda nyumbani. Tumbo lilikuwa limejaa, usingizi unamvuta, na kisheria hakuna aliyemwita. Akasimama pale kwenye ngazi. Akafikiria kwamba hotuba imekwisha, makofi yamekwisha, na ile sentensi ya mchanga bado iko hai, imeingia chumbani na watu saba. Akarudi.

"Nikasukuma mlango. Feni haizunguki. Bwana mmoja ananiuliza, wewe nani? Nikasema mdau. Wa nini? Nikasema, wa mchanga. Yule mama akacheka. Akanisalimu kwa Kijaluo, 'Idhi nade?' Nikamjibu. Kumbe bibi yake alizaliwa Shirati, kwetu Rorya! Akasogeza kiti, akaniambia kaa, baba."

"Ameshakununua," alisema Itifaki.

"Ngoja. Nikakaa. Nikawaambia ukweli. Nikasema mimi mchanga siupendi, mwanangu mwenyewe anaulalamikia kwenye mboga. Lakini mkifunga mpaka leo, kesho asubuhi wanaokula ni wenye viwanda peke yao. Vichanja havioti kama magugu. Tupeni muda. Nikaongea, jamani, mpaka jasho likanishuka mgongoni. Nikamaliza. Nikajua nimeharibu."

"Halafu?"

"Halafu yule mama akanisogezea kalamu. Akasema, 'Anayetaka sentensi aiandike mwenyewe.'"

Hata Tereza akaacha kupuliza moto.

"Nikaandika kwa Kiswahili, mkono huu huu: 'Wakaushaji wadogo watapewa miaka mitatu ya kuacha kutumia mchanga.' Ikapita mkono kwa mkono. Mmoja anapiga miayo, mwingine ana basi la jioni. Mama akauliza, kuna pingamizi? Hakuna. Ikaingia."

"Bila kura?" Hansadi akavua miwani.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia, 'Nimekalia kiti hiki miaka kumi na miwili, sijawahi kushinda kura hata moja. Sisi humaliza kabla ya kura.'"

Tani Kumi aliruka akamkumbatia Okech, kahawa ikamwagika. "Balozi wa kweli! Miaka mitatu! Spika, mpe kikombe, kashata juu yangu!" Itifaki alimpa mkono kwa kuinama kidogo, kama anavyoona kwenye taarifa ya habari. Okech akapokea mkono, lakini macho yake yakabaki chini.

Hansadi ndiye aliyeona. Karani hata akistaafu hustaafu miguu tu.

"Balozi. Kipengele kilichofuata kilikuwa kipi?"

"Kipi?"

"Baada ya chako. Huyo mama ana miaka kumi na miwili, hawezi kukupa kalamu bure. Kilichofuata kilisemaje?"

Okech akakuna kidevu. "Kilihusu... maabara."

"Maabara gani?"

"Ya kupima dagaa kabla hawajavuka. Kwamba itakuwa moja, ya Jumuiya nzima."

"Itakuwa wapi?"

"Kwao."

"Na wewe ulisemaje?"

"Alinigeukia akatabasamu, akauliza, mdau wetu ana pingamizi?" Okech akamgeukia Hansadi. "Mzee, mtu ametoka kukupa kalamu. Anaijua Shirati. Na mimi nilidhani maabara ni chumba tu chenye chupa."

Kijiwe kikalipuka.

"Umetuuza!" Tani Kumi akasimama. "Kila gunia litapitia kwao! Mimi ndiye dereva! Nitalala huko foleni mpaka niote ndevu mgongoni!"

"Umezingua, kaka," alisema Itifaki. "Bila hata kuomba mapumziko ya mashauriano!"

"Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningesema tutalijibu kwa maandishi."

"Kwa maandishi ya nani? Walikuwepo wa kwetu? Nilikuwa peke yangu na tikitimaji!"

Hapo Okech alisimama kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilipanda mpaka wachuuzi wa upande wa pili wakageuka. Alisema usiku ule hakulala. Alisema mwanzoni alimchukia yule mama, kisha akagundua kwamba mama hakumdanganya hata neno moja. Alikuja, akakaa, akajua anachotaka. "Hakutuibia kiti. Alikikuta kitupu. Mnataka nimchukie kwa sababu hakukimbilia ndege?"

Redio ya Tereza, ambayo ilikuwa inanong'ona pembeni, ikatoa taarifa ya habari. Mtangazaji akasema mkutano umemalizika kwa mafanikio, na kwamba ujumbe wetu umefanikiwa kuwapatia wakaushaji wadogo miaka mitatu. Maabara haikutajwa.

"Ujumbe wetu!" Okech akajipiga kifua. "Ujumbe ndio huu hapa, umevaa kandambili!"

"Basi tumalize hili," alisema Hansadi. "Natoa hoja. Okech avuliwe ubalozi au aongezewe muda? Tupige kura."

"Kula," akaunga mkono Tani Kumi.

Wakati huo wingu jeusi lilikuwa limeshapanda juu ya ziwa, upande wa visiwani. Okech aliliona. Dagaa wake walikuwa nje. Akanyanyua mguu mmoja, kisha akaurudisha.

"Nenda kaokoe mzigo," alisema Itifaki kwa upole wa kutisha. "Sisi tutaendelea."

"Siondoki. Nimeshajua mambo ya wanaoondoka."

"Basi na mimi siondoki," alisema Tani Kumi, ambaye lori lake lilikuwa halijafungwa turubai.

"Wala mimi," alisema Hansadi.

Wakakaa. Upepo ukapeperusha gazeti, hakuna aliyelifuata. Tone la kwanza likaangukia kipara cha Hansadi, akajifanya hakulisikia. Wanaume wanne walikaa wakiviziana, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kupigiwa kura mgongoni.

Tereza akafunika birika, akakusanya vikombe, kisha akashika benchi upande mmoja.

"Inukeni."

"Spika, hoja bado iko mezani," alisema Itifaki.

"Meza ya nani? Na benchi la nani?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza.

"La kwako," alisema Hansadi kwa sauti ndogo.

"Basi kikao kimefungwa. Huyu dagaa wake wanalowa. Wote wanne, mchangani, sasa hivi."

Wakainuka bila kura, wakakimbia. Mvua iliwakuta katikati. Tani Kumi alishika turubai kwa ncha mbili peke yake, Hansadi akasomba kwa pindo la shati, Itifaki akakunja suruali mpaka magotini akazoa kwa mikono kama mtu anayezoa almasi. Okech alikuwa anapokea na kujaza magunia, amelowa chapachapa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alikuwa anacheka.

Tani Kumi akachota konzi moja, akaisogeza karibu na macho, akaipepeta kidogo. Akachota nyingine. Kisha akamtazama Okech kwa huruma ya kweli.

"Balozi," alisema. "Kwa mchanga huu, ungeomba miaka kumi."