Nilivyosahihisha Choo

Jumatatu, 3 Machi

Msimamizi wa kundi letu la mtaa la simu amehama. Jumamosi tunamchagua mwingine. Nani anafaa kuliko mwalimu mstaafu wa sarufi? Hakuna! Mpinzani ni shemeji, mdogo wake mke wangu, fundi redio. Huandika "xaxa" badala ya "sasa". Aibu ya ukoo!

Nimetangaza kwamba habari za siasa zipite kwangu kwanza, nizisahihishe, ndipo nizisambaze. Shemeji akauliza kama nitahakiki na ukweli. Nikamjibu kwamba uongo haujui kuweka mkato. Nimemziba mdomo.

Jumanne, 4 Machi

Imeingia picha ya mgombea wetu wa ubunge, yuko kwenye kiwanja kitupu kando ya soko. Maandishi: "Nikishinda, nitajenga choo kikubwa hapa." Choo! Mtu avae tai aahidi choo? Ni dhahiri mwandishi kateleza kwenye irabu. Ngeli ni ileile. Kikubwa kinabaki kikubwa. Nikafuta o, nikatia u. Chuo! Nimetuma kwenye makundi yote, hata lile la harusi ya mpwa wangu.

Jumatano, 5 Machi

Mtaa unawaka! Muuza nyanya anasema mwanawe atasomea udaktari papo hapo sokoni. Shemeji kaandika kwamba alikuwepo mkutanoni, alisikia kwa masikio yake: choo. Eti, "Shemeji, si ungeuliza kwanza?" Nikamjibu kwamba masikio hayana tahajia. Kundi zima likacheka.

Mke wangu naye akasema, mzee, sisi tunaoshinda sokoni tunakihitaji hicho choo. Nikamwonya asichanganye haja na hoja.

Ijumaa, 7 Machi

Mgombea kaja! Vigelegele, mabango, "ASANTE KWA CHUO". Shemeji akapenya hadi mbele, akamtaka aseme waziwazi: choo au chuo? Usimamizi wangu wote unaning'inia kwenye irabu moja! Mgombea akautazama umati. Akafuta jasho. Akatangaza kuwa ni chuo, tena cha ghorofa!

Nikabebwa juujuu. Shemeji akaambiwa akaunge nyaya zake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechaguliwa! Shemeji kapata kura mbili: yake na ya dada yake, ambaye ni mke wangu. Nilipomuuliza sababu, akasema jana alitoka sokoni mbio hadi nyumbani, na nusura aadhirike njiani. Sioni uhusiano.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kanijia kwa adabu. Kaniomba, kwa kuwa sasa mimi ni msimamizi, nisitume neno kabla ya kumuuliza aliyelisema. Nimemwahidi kwa moyo mkunjufu.

Baada ya chakula, picha ya mgombea wa upande wa pili: "Nitatoa mahali kwa vijana." Hapana! Mahali hutawala pa: mahali pa vijana. Hiyo "kwa" inamfichua mwandishi. Kachanganya l na r. Ni mahari! Sarufi imeshasema; nimuulize nani tena? Nimesahihisha, nimetuma.

Makapera wa mtaa mzima wamejaa langoni, wananishangilia. Shemeji yuko mstari wa mbele. Kavaa suti.