Tenti Inayopitisha Jua

Jumapili, 13 Julai

Baridi kali. Mtaa wetu wote wa Jericho umejikunyata. Jumamosi ijayo watu wa Sylvance wanakuja kuzungumza mahari ya binti yetu Wanja. Ruracio! Na mimi Ngigi, ninayekodisha tenti na viti tangu Wanja akiwa anatambaa, sina tenti hata moja isiyovuja. Mke wangu Teresiah akasema basi tukodishe kwa Jimale wa mtaa wa Fedha. Jimale! Mtu aliyeninyang'anya harusi, matanga na harambee za mitaa mitatu! Nikasema afadhali wakwe wanyeshewe.

Saa kumi Sylvance mwenyewe akaja kunywa chai. Kijana huyu anafundisha jiografia na hajui kuiacha shuleni. Akatueleza kwamba mwanga wa jua hupenya angani bila taabu na kuipasha ardhi joto, lakini joto hilo likitaka kurudi juu hukwama kwenye gesi. Gesi zenyewe tunazitoa sisi: moshi wa magari, wa viwanda, wa makaa. Akazifananisha na plastiki ya wakulima wa nyanya. Jua linaingia, joto halitoki. Na miti ambayo ingeimeza hewa hiyo chafu tunaikata. Ndiyo maana leo ni mafuriko na kesho ni kiangazi. Hata Julai, akasema, siku hizi haiaminiki.

Hapo nikamkatiza. Julai ni Julai. Nimeziona zaidi ya hamsini na zote zilikuwa baridi. Lakini lile neno la plastiki nikalidaka. Jua linaingia, joto halitoki. Bila stima! Bila makaa! Wageni wote watakaa kwenye joto na Jimale atakuja kuomba kazi kwangu. Kijana hajui amenipa nini.

Jumatatu, 14 Julai

Nimenunua plastiki yenyewe, ile nzito inayopitisha mwanga. Nimeishona mwenyewe juu ya vyuma vya tenti yangu ya zamani. Kila mshono nimeuziba kwa gundi. Hakuna tundu hata la mbu.

Teresiah akauliza hewa ya ndani itatokea wapi. Nikamweleza kwa upole kwamba hewa yenye joto ndiyo tunayowauzia watu, hatuwezi kuiachilia iende zake. Akaingia jikoni. Wavumbuzi hatueleweki nyumbani kwetu.

Jumatano, 16 Julai

Tenti imesimama uwanjani katikati ya nyumba. Inang'aa! Tatizo ni mjakaranda. Matawi yake yanaizibia jua. Nikapanda na panga.

Nafula, anayeuza chapati chini ya huo mti, alitoka mbio na mwiko mkononi. Akauliza jua likitoka yeye atakaa wapi. Jua gani, nikamuuliza kutoka juu. Kulikuwa na mawingu mpaka kwenye paa la kanisa. Akaniita jina ambalo silirudii hapa. Nimemwachia kuni. Shukrani hakutoa.

Ijumaa, 18 Julai

Leo nimekamilisha mpango wa wasichana. Mila yetu inajulikana: bibi harusi na wenzake wanafunikwa leso kutoka utosini hadi vidoleni, na mwanamume anamtambua wake. Akikosea, faini. Nimeamua Sylvance akosee. Mtu aliyeisema vibaya Julai lazima atoe mbuzi. Wasichana watakuwa watano, wote wavae viatu vya aina moja. Na juu ya leso, kila mmoja ajifunike blanketi. Wanja alilalamika. Nikamwambia ni kwa sababu ya baridi.

Jioni Jimale akapita na pikapu yake. Akaniamkia vizuri, akagongagonga plastiki yangu kwa kidole, akauliza madirisha yako wapi. Akasema ana turubai zuri, pande zake zinafunguka, ataleta bure kwa ujirani. Bure! Huyo ni mtu wa kuogopwa. Nikakataa. Akatabasamu, akasema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Nikamjibu kwamba mimi ni wa Krismasi. Alicheka mpaka akashika mlango wa pikapu, jambo lililoniudhi zaidi.

Nimeweka majiko mawili ndani, ya tahadhari.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nikiwa na kichwa kinachogonga.

Asubuhi ilikuwa nzuri, yaani mbaya, yaani baridi. Wakwe walipofika wakaingia tentini wakasema ah! Mzee Otiende, ami yake Sylvance na msemaji wao, alinishika mkono akasema hajawahi kukaribishwa kwa joto namna hii. Nilimtafuta Teresiah kwa macho ili asikie.

Kisha mawingu yakafunguka. Yote! Julai! Nilitoka nje nikalitazama lile jua kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani shambani mwake. Niliporudi, Mzee Otiende alikuwa amevua koti. Baadaye akavua tai. Baadaye, mzee wa heshima vile, mbele ya wakwe, akavua viatu. Matone yalianza kudondoka kutoka juu kwenye upara wake. Sukari ya keki ikateremka mpaka kwenye meza. Kijana mmoja akanipazia sauti, "Buda, unatupika ama?" Teresiah akataka tuchane pande za tenti. Nikasema atakayegusa plastiki atanikuta.

Nikaharakisha wasichana waletwe. Wakaingia, mablanketi matano yakitembea. Sylvance akazunguka. Akatazama viatu. Akazunguka tena. Nilifurahi sana! Blanketi la pili likaanza kuyumba. La nne likakaa chini. Na la tatu likarushwa hewani, na chini yake alikuwa Wanja, ameloa, amekasirika.

"Ni mimi! Sylvance, ni mimi hapa! Baba, unataka kutuua?"

Wazee wetu wakasema mila imevunjwa, faini itolewe. Mzee Otiende, huku akijipepea kwa kiatu, akasema bibi harusi amejitaja mwenyewe mbele ya mashahidi, kwa hivyo faini hakuna. Wote wakatoka nje wakibishana. Nje hakukuwa na kivuli. Mjakaranda ulisimama hapo uchi, na Nafula kando yake, akinionyesha kwa mwiko.

Ndipo pikapu ya Jimale ikaingia. Teresiah alikuwa amempigia simu tangu juzi. Mke wangu wa ndoa! Turubai likasimama kabla sijapata tusi la kufaa. Upepo ukapita chini yake. Watu wakashusha pumzi.

Mimi nikabaki tentini mwangu. Nikavaa koti na kulifunga vifungo vyote. Bila baba wa binti mahari haizungumzwi, na kila mtu alilijua hilo. Wakamtuma ndugu yangu. Nikakataa. Wakatuma mchungaji. Nikamwambia asali humu ndani kama ana imani. Nikasikia Mzee Otiende akisema wataondoka, hawakuja kumbembeleza mtu mzima.

Wanja akaingia. Nilidhani atalia. Akavuta kiti, akakaa karibu nami, akajifunika blanketi tena. Nikamwambia atoke, atazirai. Akasema ataniacha vipi peke yangu kwenye ruracio yake. Jasho likamtiririka puani. Wajihi wake ukawa mwekundu. Ukaidi huu ameutoa wapi? Kwa mama yake, bila shaka. Nilikaa nikimtazama mpaka moyo ukanishinda. Nampenda mtoto huyu kuliko tenti yoyote. Nikamshika mkono tukatoka.

Chini ya turubai la Jimale nilikaa mgongo wima. Tukazungumza, tukaelewana, Mzee Otiende akanikumbatia. Jimale akaniletea maji. Niliyanywa. Sikusema asante kwa sauti.

Jumapili, 20 Julai

Familia nzima imekutana bila kuniita, chumbani, nami nikasikia kupitia ukutani. Harusi ni Desemba. Tenti ni za Jimale. Wanja akaja kuniambia mwenyewe, kwa heshima, kwamba siku hiyo nitakuwa baba tu, nisishike kamba, nyundo wala gundi. Iliniuma. Nikamwahidi.

Baada ya kanisa Sylvance akanieleza tena habari za jua na joto kukwama, akionyesha kwa vikombe na sahani. Nilimsikiliza kwa makini. Anasema Desemba itakuwa na joto, na mvua zinaweza kuja kwa fujo.

Mvua! Hapo nikaona kosa la Jimale. Turubai lake ni zuri lakini liko peke yake. Sitashika kamba wala nyundo, niliahidi. Ndugu yangu atashika. Asubuhi ya harusi, wakati wanamvalisha Wanja, tutaitandika plastiki yangu juu ya turubai lote na kuishusha pande zote mpaka chini. Nimeagiza nyingine. Hii ni nzito mara mbili.